Mwanamke Aliyeonyesha Kilichokatwa

Wanakwaya wa parokia yetu ya Likasi walijizoeza kuimba Gloria huku wakitazama dirishani, na sababu ilikuwa mwanamke mmoja wa benchi la pili. Sisi wengine tukisali, yeye alikuwa akichungulia makoo. Misa ikiisha alisimama mlangoni akamshika mtu mkono, mbele ya padri, mbele ya wakwe, mbele ya kila mtu.

"Weye wa sauti ya juu. Mafindofindo yako ni makubwa sana. Unakoromaka?"

"Mama, tuko kwa kanisa."

"Koo nayo iko kwa kanisa. Kuya Jumatatu."

Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, kitengo cha masikio, pua na koo, ambacho kwetu kila mtu anakiita ORL kama madaktari wanavyokiita. Madaktari walikuja na kuondoka, wengine walikwenda Lubumbashi, wengine walikwenda mbali zaidi na hawakurudi. Yeye alibaki. Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, maana sijui, na yeye mwenyewe hakuwahi kuniuliza ya kwetu. Geti lake lilitazamana na langu katika mtaa wa nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, basi. Wapo wanaosema alikuwa na mdomo mchafu. Waseme. Mimi nimeona midomo misafi mingi ikinyamaza pale ilipotakiwa kusema.

Jioni aliweka kigoda nje ya geti, akashika kijiko kwa upande wa bapa na mkono wa pili simu yenye tochi. Aliyetaka kutazamwa alikuja, na asiyetaka aliitwa. Mpita njia aliyekuwa akihema kwa kinywa hakusalimika.

"Mapua ni ya kupumua," alimfokea. "Kinywa ni ya bukari!"

Bukari ndiyo sima yetu, na mtu alicheka, lakini alikaa kwenye kigoda. Hapo ndipo sisi majirani tulipojifunzia. Mfanyakazi mmoja wa machimbo ya mawe ya Kakontwe alikuwa amepigwa na jiwe usoni, na mfupa mwembamba unaogawa matundu mawili ya pua ukapinda. Miaka mitano alilala ameketi. Muuguzi alimweleza kwamba hawamkati ili awe mzuri, bali wanaunyoosha ukuta huo hewa ipite, na kwamba uso wake utabaki vilevile na mkewe avumilie. Mwingine ngoma ya sikio ilitoboka, akaambiwa watachukua kipande chembamba cha utando wake mwenyewe kutoka nyuma ya sikio na kuziba tundu. Alitaka kujua kama atasikia kama zamani. Muuguzi alimwambia atasikia vizuri zaidi ya sasa, na kwamba asimletee habari za zamani.

Hakuwa mpenda visu hata hivyo. Mama mmoja mwenye gari alikuja na mwanawe, akataka mafindofindo yatolewe kwa sababu mtoto wa dada yake alitolewa. Muuguzi alitazama koo, akauliza maswali. Mtoto alikuwa ameumwa koo mara moja tangu Pasaka.

"Tunatoaka kama koo inauma karibu kila mwezi, ao kama mutoto anazibwa pumzi akilala. Huyu iko na koo muzuri. Uende naye nyumbani."

"Minye nitalipa, mama."

"Basi ulipe mwalimu wa hesabu. Na weye uende naye, mukajifunze pamoja."

Yule mama aliondoa gari kwa hasira mpaka kuku wetu wakatawanyika. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu. Na bado huyohuyo muuguzi, aliyeapa kumchapa yeyote atakayeingiza kijiti cha kibiriti sikioni, nilimwona kwa macho yangu akijikuna sikio kwa kifuniko cha kalamu ya bic, macho yamelegea kwa raha. Nilipomnyooshea kidole alisema, "Minye niko professionnelle," yaani yeye ni mtaalamu, akaendelea.

Lakini kazi yake kubwa, kazi aliyojulikana nayo mjini, haikuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Ilikuwa kwenye korido. Watu wetu hawaondoki hospitali bila kuona. Umemkabidhi mtoto mzima, anarudishwa amelala na damu kwenye midomo, nawe uambiwe tu kwamba kazi imekwisha? Hapana. "Tuone kwanza," ndivyo tunavyosema, na sioni ubaya. Kila baada ya upasuaji mlango ulifunguka, akatoka na bakuli la chuma lililofunikwa shashi. Bibi wa mtoto aliitwa mbele. Shashi iliinuliwa. Mafindofindo mawili, moja, mbili, hesabu mama. Halafu alieleza kwa nini yalitolewa, nini mtoto ale, nini asile, lini arudi. Wengine waliomba wapewe wakazike nyumbani, naye aliwafungia.

Daktari mmoja kijana alitaka kupiga marufuku jambo hilo, akidai ni uchafu. Alimjibu mbele yetu sote.

"Docteur, weye unatengenezaka koo. Minye natengenezaka couloir."

Daktari aliangalia zile familia zilizojaa koridoni, na marufuku ikaishia hapo.

Sasa niseme ya kwangu. Brigitte, binti yangu, alipokuwa na miaka sita alilala kinywa wazi, akikoroma kama mzee, na mara nyingine pumzi ilikatika mpaka namtikisa. Shuleni mwalimu alimweka nyuma na wasiojua kitu. Nikimwita hakugeuka, nami, Mungu anisamehe, nilimchapa kwa ukaidi. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kapolowe na jibu lake tayari. Alisema ni kilimi, kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kinywa, kimekuwa kirefu. Alimfahamu mzee anayekikata. Siku ilishapangwa.

Muuguzi aliposikia alivuka barabara, akaingia bila kubisha hodi, akamchungulia Brigitte koo na masikio. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage.

"Mama, kilimi ya huyu mutoto haina kosa. Inaning'inia sawa vile yako na yangu. Ukiikata, atatoka damu, na masikio itabakia yenye kuziba."

"Weye unajua kuliko wazee?"

"Kwa koo, ndiyo. Kwa maharage, hapana. Hii umeichambua muzuri."

Muuguzi alikaa chini, akachukua kiganja cha maharage na kuanza kuchambua naye, akaeleza. Nyuma ya pua kuna vinyama ambavyo kila mtoto huwa navyo, ila vya Brigitte vimekua mno na kuziba njia. Hewa haipiti, ndiyo maana anakoroma. Masikio nayo yana njia ndogo inayofunguka hukohuko, nayo imezibwa, kwa hiyo maji mazito yamekaa nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto si mkaidi. Ni kama mtu anayesikia akiwa amezama kwenye beseni. Niliposikia hivyo nililia, kwa ajili ya vile vibao.

Mama mkwe alikubali kwa sharti moja. "Minye mwenyewe nitaona kile mutatoa."

Siku ya upasuaji alikaa koridoni amevaa kitenge chake cha sikukuu. Mlango ulifunguka, bakuli likaja, shashi ikainuliwa. Ndani kulikuwa na vipande vidogo vilivyochanika vya nyama nyekundu, si vya kujaza kijiko.

"Kwa pua, ni ile tu," muuguzi alisema. "Kwa masikio, hakuna kintu ya kuonesha. Tulitoboa kidogo, tukatoa maji, tukatia kamurija kadogo sana, kamoja kila upande. Kako mule ndani. Maji ya kuoga isiingie mu masikio ata kidogo. Na akitoka usaha, mumulete siku ileile."

"Hakuna kintu?" Mama mkwe alisimama. "Mutoto anaumwa masikio, na ya masikio hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Basi mumefanya nini? Wengine banaonyeshwaka vikubwa! Hapa nyuma yako kuko bakuli ingine, niko naona. Ile ni ya nani?"

Kweli, mezani nyuma yake kulikuwa na bakuli la mtoto aliyetangulia, mafindofindo mawili manene ambayo yangemridhisha bibi yeyote wa Katanga. Muuguzi aliligeukia, kisha akaufunga mlango kwa kisigino.

"Ile si ya mutoto yako. Sitakuonesha kintu ya bengine. Ukasirike, mama. Kasirika tu."

Mama mkwe alikasirika. Alirudi Kapolowe jioni hiyohiyo akitangaza kwamba tumetapeliwa. Mimi nilibaki nikimtazama yule mwanamke ameketi kwenye benchi la wagonjwa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akifanya.

Aliniambia baada ya siku chache, nyuma ya nyumba yangu, tukitwanga sombe, majani ya mihogo. Aliniambia akiwa ameshika mchi na hakuacha kutwanga.

Zamani, akiwa bado mgeni katika kitengo cha ORL, ilikuja familia ya wavuvi kutoka ziwa Tshangalele. Binti yao mdogo alikuwa na masikio yaleyale ya Brigitte. Alifanyiwa kazi ya masikio tu, mirija ileile. Baba yake alisimama koridoni na ndugu zake watatu wakitaka kuona kilichotolewa, na kilichotolewa kilikuwa maji tu, yamekwisha kufutwa. Walipiga kelele. Walisema hospitali imeuza kitu cha mtoto. Muuguzi alikuwa amesimama tangu asubuhi, na aliwaogopa. Mezani kulikuwa na bakuli la mtoto mwingine.

"Nikabaonesha," alisema. "Nikasema, njo ile. Bakafurahi. Bakanipa ata samaki."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nimesema ni koo. Ningesema tena namna gani habari ya masikio? Nilikuwa na neno moja ya kubaambia, maji isiingie. Neno moja! Bantu ba ziwa! Sikuisema."

Walimrudisha mtoto Tshangalele, naye akaogelea kama watoto wote wa kule. Masikio yakatoa usaha miezi na miezi, na hawakumleta, kwa sababu ugonjwa ulikwisha kutolewa, waliuona kwa macho yao, waliuzika nyuma ya nyumba. Alipoletwa hatimaye, usaha ulikuwa umekula mpaka ndani. Hakusikia tena. Baba alisema yaliyokuwa ya hospitali yametoka, kwa hiyo uziwi huu ni kazi ya mtu. Akamtazama mkewe, akamwita mchawi, akamfukuza pamoja na binti yake. Sasa wote wawili walikuwa Likasi, wanauza samaki wakavu sokoni, na jina hilo lilikuja nao.

Niliuliza kama amewahi kumwambia yule mama ukweli. Mchi ulisimama.

"Ninunuaka samaki kwa upande ingine ya soko," alisema.

Niliudhika sana. Mtu aliyemkemea padri kwa kuhubiri na pua iliyoziba! Nilimwambia wazi, "Mama, weye unaogopa." Aliweka mchi chini, akasema nimeota pembe, akavuka barabara. Wiki mbili hatukusalimiana. Nilijua yeye ndiye aliyemwokoa mtoto wangu, na nilijua alikuwa amemwokoa kwa funzo la kosa alilomtendea yule wa kwanza, na nilishindwa kuviweka vitu hivyo viwili pamoja. Mpaka leo vinanishinda.

Brigitte ndiye aliyetupatanisha. Alikuwa akicheza mbele ya geti, muuguzi akimfokea mpita njia kama kawaida, naye akaziba masikio kwa viganja.

"Mama infirmière, juu ya nini unapiga makelele hivi?"

Muuguzi alinitazama ng'ambo ya barabara. Tulicheka wote wawili, naye alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mwaka huo mwalimu alimhamisha Brigitte benchi la mbele. Mama mkwe, nisimnyime haki yake, alileta kuku wawili kutoka Kapolowe, mmoja wetu na mmoja wa ng'ambo, bila maelezo.

Miaka ilikwenda. Alistaafu, ingawa kigoda hakikustaafu. Sikumkumbusha tena habari ya soko, lakini kila nilipomwona akitoka na kikapu nilitazama anapinda wapi, na kila mara alizunguka nje ya ukuta wote wa soko, juani, kwa miguu iliyovimba, ili asipite mbele ya meza moja ya samaki. Nilimpenda na nilimwonea aibu.

Mwaka uliopita, asubuhi, alikuja kwangu amevaa vizuri, kitambaa kipya kichwani. Brigitte alikuwa masomoni Lubumbashi. Muuguzi alisimama mlangoni akihema, kwa kinywa, na sikuthubutu kumwambia.

"Ule binti ya soko amepata mwanaume," alisema. "Mwanaume anamutaka. Lakini bazazi bake banasema uziwi ni ya damu, ni ya bulozi ya mama yake. Banavunja ndoa. Nimesikia jana kwa kanisa."

"Utafanya nini?"

"Vaa viatu. Sitaki kuenda peke yangu, nitarudia njiani."

Tuliingia kwa lango kubwa, ambalo hakuwahi kulipita miaka yote hiyo. Yule mama alikuwa ameketi nyuma ya mabeseni ya samaki, mwembamba, akifukuza nzi kwa kipande cha karatasi. Binti yake, mwanamke mzima sasa, alikuwa akipanga samaki kwa mafungu na hakuinua kichwa tulipofika. Muuguzi alikataa kigoda alichopewa.

"Mama, unanikumbuka?"

"Weye ni wa hospitali. Wa bakuli."

"Ndiyo. Kile nilionesha bwana yako kwa bakuli, haikukuwa ya mutoto yako. Ilikuwa ya mutoto mwingine. Yako alikuwa anaumwa masikio tu. Nilipaswa kubaambia maji isiingie, sikubaambia. Usaha ilitoka kwa maji. Haikutoka kwako. Nilidanganya."

Karatasi iliendelea kufukuza nzi, mara tatu, mara nne.

"Sema tena," yule mama alisema.

"Nilidanganya."

"Hapana. Sema sawa unasemaka kwa kanisa. Bamama bote ba hapa bananiita mulozi. Basikie."

Basi nikaisikia ile sauti. Alijisimamisha wima, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akageukia soko, akalisema jambo lote tangu mwanzo, bakuli, uongo, maji, na jina la mchawi ambalo si la mama huyu, kwa sauti ileile aliyoitumia mlangoni mwa kanisa. Wauza unga waligeuka. Wauza mkaa waliacha kufunga magunia. Mtu alifyonya, mwingine akapaza sauti, "Mama mubaya weye!"

"Ndiyo," alijibu. "Na huyu hapana."

Nilitegemea yule mama alie, au amrukie.

"Sikusamehe," alisema.

"Sikukuya kuomba. Nilikuya kusema."

"Kama ni kusema, haujamaliza." Alimshika binti yake kidevu, akamgeuza uso taratibu kutoka kwenye samaki mpaka ukamwelekea muuguzi. "Masikio ni yake. Umuambie yeye. Anasomaka midomo."

Muuguzi alipiga magoti kwenye vumbi la soko ili nyuso zao zilingane. Alisema yote kwa mara ya tatu, polepole, bila sauti hata kidogo, na yule binti akaitazama midomo ile mpaka ikafumba. Kisha akasema kitu, kwa sauti nzito ya mtu asiyeisikia sauti yake.

"Maji tu?"

Muuguzi alitikisa kichwa kukubali, na yule binti akaendelea kumtazama.